Maharage yakihamishia mbolea uani, shamba linabaki na nini?

Tangu Mariangela Hungria wa Brazil apewe Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2025 kuna posti moja haiishi kuzunguka kwenye magrupu ya wakulima. Mimi nimeshatumiwa na watu watano tofauti, kila mmoja kaibandika kichwa chake, ila kiini ni kilekile: Brazil wanalima soya bila mbolea, bakteria wanafanya kazi yote bure, sisi huku tunapanga foleni ya yurea ya ruzuku na jua linatuchoma, hivi tumelogwa? Komenti zinazofuata ni moto, wanaolaumu serikali, wanaolaumu makampuni, na yule mmoja ambaye hakosekani anayesema babu zetu walijua haya yote, wanapanda mahindi na maharage pamoja na udongo unajirutubisha wenyewe. Sasa mimi sina ugomvi na huyo mama wa Brazil, tuzo anaistahili kabisa, ila stori yake imefika huku ikiwa imekatwa kichwa na miguu, na tukiifuata hivyohivyo itatuumiza. Mazao ya jamii ya mikunde, kama maharage, soya na mbaazi, yanabana naitrojeni (kirutubisho kilekile kilichomo kwenye yurea) kutoka hewani, hilo halina mjadala. Ila ukitaka kujua kama shamba lako limerutubika usiulize imebanwa kiasi gani, uliza imeishia wapi. Kama imeishia kwenye gunia na kwenye zizi, basi unaweza kupanda maharage miaka ishirini na udongo ukazidi kuchoka, na naamini sehemu kubwa ya mashamba yetu ndo yako hapo.

Turudi nyuma kidogo kwa ambao somo la baiolojia liliwapitia mbali. Hewa tunayovuta asilimia 78 ni naitrojeni, lakini iko kwenye vifungo vigumu, mmea hauwezi kuitumia, ni kama maji ya bahari kwa mwenye kiu. Binadamu alifanikiwa kuvivunja hivyo vifungo kwa nguvu za kiwandani baada ya Fritz Haber kuonyesha njia mwaka 1909 na Carl Bosch kuipeleka kiwandani huko Oppau, Ujerumani, mwaka 1913, na mpaka leo mfuko wako wa yurea unatoka kwenye kazi hiyohiyo, joto kali, mgandamizo mkubwa na gesi asilia, ndo maana gesi ikipanda bei duniani mkulima wa Mbozi anajua siku hiyohiyo. Mikunde yenyewe ilishatatua tatizo hilo zamani sana kwa kupanga wapangaji. Mwaka 1886 Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, walieleza kwamba vile vinundu kwenye mizizi ya njegere na ndugu zake ndimo naitrojeni ya hewa inamogeuzwa kuwa chakula, na kazi hiyo inafanywa na bakteria, hao tunaowaita rizobia. Mmea unawapa sukari, wao wanaupa naitrojeni. Ukitaka kuwaona kazini, ng'oa taratibu mmea mmoja unapoanza kutoa maua, pasua kinundu kwa kucha. Ndani kikiwa chekundu kama nyama mbichi, kazi inafanyika, na huo wekundu unatoka kwenye ndugu wa karibu kabisa wa ile protini inayofanya damu yetu iwe nyekundu. Kikiwa cheupe au cha kijani, hao wapangaji wanakula bure. Na kitu kingine watu wanakisahau, mmea siyo mjinga: ukiumwagia yurea nyingi unaacha kuwalisha bakteria kwa sababu hauna shida nao, halafu mtu anang'oa maharage yake aliyoyawekea mbolea ya kukuzia, haoni kinundu, anasema mbegu ni feki.

Haya, Brazil. Wenzetu hawakuanza jana. Miaka ya 1960, wakati soya ndo inaanza kupanuka kule, mtafiti Johanna Döbereiner alisimamia msimamo kwamba soya ya Brazil ichaguliwe na kuzalishwa ikitegemea bakteria na siyo mbolea ya naitrojeni, kwa hiyo kwa miongo kadhaa mbegu na bakteria wamekuwa wakichaguliwa pamoja kama ndoa ya kupangwa. Hungria, akiwa kwenye kituo cha soya cha Embrapa, shirika la serikali la utafiti wa kilimo, pale Londrina, aliendeleza hapo: kuchagua aina za bakteria zinazofanya kazi vizuri zaidi, kuthibitisha kwamba kupaka mbegu bakteria kila msimu kunalipa hata kama shamba lilishawahi kupakwa, na kuongeza bakteria wengine wanaoitwa Azospirillum wanaosaidia mizizi kukua. Leo kazi hiyo inagusa zaidi ya hekta milioni 40 na waliompa tuzo wanakadiria wakulima wanaokoa mpaka dola bilioni 25 kwa mwaka. Hizo ni namba za kutisha, lakini sasa sikiliza ile sehemu iliyokatwa. Sehemu kubwa ya soya hiyo inalimwa Cerrado, ile savana kubwa ya Brazil, udongo ambao kwa asili ni wenye asidi kali na alumini inayounguza mizizi, na ulifanywa kuwa shamba kwa kumwagiwa chokaa ya kupunguza asidi malori kwa malori, halafu fosforasi, halafu potasiamu. Brazil inaagiza nje takriban asilimia 85 ya mbolea inayotumia, ni moja ya waagizaji wakubwa kabisa duniani, na vita vya Ukraine vilipoanza 2022 walishtuka mpaka serikali ikatoa mpango wa taifa wa kupunguza utegemezi huo ifikapo 2050. Kwa hiyo anayekwambia Brazil wanalima soya bila mbolea anatakiwa amalizie sentensi: bila mbolea ya naitrojeni. Mbolea nyingine zote wanaweka, tena siyo za kubahatisha.

Sasa njoo kwetu. Shangazi yangu ana shamba Karatu, mahindi na maharage, msimu mmoja nilienda kumsaidia kuvuna. Kama umewahi kuvuna maharage unajua ilivyo, huchumi maganda, unang'oa mmea mzima ungali na umande asubuhi ili maganda yasipasuke, unapiga mafungu, mafungu yanapakiwa kwenye mkokoteni mpaka nyumbani, yanaanikwa uani, yanapurwa kwa fimbo juu ya turubai. Maharage yanaingia kwenye gunia. Makapi yanapelekwa kwa ng'ombe, yanayobaki yanachomwa. Samadi ya ng'ombe inaenda kwenye migomba na sukumawiki kando ya nyumba kwa sababu ndo karibu, nani atabeba samadi kilomita mbili kwenda shambani? Jioni ile nilirudi shambani kuchukua jembe nililosahau nikakuta udongo mtupu, umechimbikachimbika, hakuna hata jani, na shangazi ananiambia kwa furaha, safari hii mwanangu tumeacha shamba safi kabisa. Mimi nikacheka tu, maana kichwani nilikuwa napiga hesabu na haikuwa nzuri.

Tuipige wote, kwa mkono, siyo ya maabara. Chukua gunia nne za kilo mia kwa heka, yaani ekari moja, mavuno ya kawaida tu kwetu. Punje za maharage zina protini asilimia 22 hivi, maana yake naitrojeni ni kama asilimia 3.5, kwa hiyo kilo 400 zinaondoka na kilo 14 za naitrojeni. Majani, mabua na maganda ongeza tuseme kilo 6. Jumla 20. Maharage ya kawaida ni wavivu kwenye kubana kuliko karibu ndugu zao wote, mara nyingi hawafiki nusu ya mahitaji yao, tuwape asilimia 40, yaani kilo 8 zimetoka hewani na kilo 12 zimetoka ardhini. Ukibeba kila kitu nyumbani umelitoa shamba kilo 12. Mfuko wa yurea wa kilo 50 una kilo 23, kwa hiyo umeondoka na zaidi ya nusu mfuko, kwenye kila heka, kwa zao ambalo unaamini linakurutubishia. Ukirudisha mabaki, bado unadaiwa kilo 6. Namba zitacheza, mwenye udongo mzuri na aina nzuri ya mbegu atapata picha nyingine, lakini mwelekeo ndo huo. Soya nayo inabana vizuri zaidi, ila tani moja ya soya inaondoka na kilo 60 na ushee za naitrojeni, hiyo ni karibu mifuko mitatu ya yurea imepanda lori, ndo maana hata huko kwenye mavuno makubwa hesabu ya soya kwa udongo huwa inakaribia sifuri, haiachi utajiri, inaacha kutokukopa. Kutokukopa siyo kitu kidogo, lakini pia siyo kile tulichoahidiwa.

Ndo maana napata shida na neno mikunde likitumika kama vile ni mtu mmoja. Maharage na karanga ni wa kung'olewa, vinaondoka na mizizi. Mbaazi ni mnyama mwingine kabisa. Inaanza polepole, mahindi yanaipita, haishindani nayo, mahindi yakishavunwa ndo yenyewe inaamka, inashuka chini kwa mzizi mrefu kutafuta unyevu wa mwisho, na wakati wote huo inadondosha majani. Ukija na panga mwezi wa nane au wa tisa kukata matawi yenye maganda, naitrojeni nyingi ilishalala chini, hakuna wa kuibeba. Na ina kaujanja kengine ambako mi nakapenda sana, mizizi yake inatoa asidi zinazofungua fosforasi iliyoshikwa na chuma kwenye udongo mwekundu, watafiti waliokuwa wakifanya kazi India waliliandika hilo mwaka 1990. Wakulima wa Babati walioshikilia mahindi na mbaazi miaka yote hawakusoma hiyo kitu popote, walikuwa wanaona mahindi ya mwaka unaofuata tu.

Nisionekane napinga mikunde, kwa sababu ushahidi wa upande huo ni mzito na wanaoudharau wanakosea. Mwaka 2018 watafiti walikusanya majaribio mengi ya Afrika kusini mwa Sahara yaliyolinganisha mahindi na nafaka nyingine zilizopandwa baada ya mikunde na zile zilizopandwa juu ya nafaka tena, wakakuta kwa wastani mavuno yanapanda karibu nusu tani kwa hekta, kama asilimia 41. Nusu tani ni gunia tano kwa hekta, watoto wanakula. Malawi nako mtafiti Sieglinde Snapp na wenzake mwaka 2010 walionyesha kwamba mahindi kwenye mzunguko wenye mikunde ya muda mrefu, mbaazi ikiwemo, yalitoa mavuno yanayokaribiana na ya mahindi matupu yaliyopewa mbolea kamili, ila yenyewe yalipewa nusu ya mbolea. Ukiwasikiliza vizuri lakini, hawakusema sifuri, wamesema nusu. Hilo neno nusu ndo linalopotea njiani kila stori inapovuka mpaka. Na tukiwa wakweli hata ile nyongeza ya mavuno baada ya mikunde haitoki kwenye naitrojeni peke yake, sehemu inatokana na kukatisha wadudu, magonjwa na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, wanaozoea shamba la mahindi mwaka baada ya mwaka. Kwa mkulima haijalishi, gunia ni gunia, ila kwa anayetaka kutunga sera inajalisha sana.

Upande wa pili wako wanaosema haya yote ni mambo ya miradi, mpe mkulima mbolea na mbegu bora basi. Hawa nao wana hoja ambayo wapenzi wa mikunde hawapendi kuijibu, nayo ni ardhi na mikono. Mwenye heka moja na nusu na watoto watano hawezi kuacha nusu heka alime mmea wa kurutubisha tu msimu mzima. Tumeshajaribu. Marejea ilihamasishwa sana kusini, Peramiho kule Songea Wabenedikti waliipigia debe miaka ya 1980, ni mmea mzuri mno, unakua haraka, unaua magugu, ukiuzika kabla haujakomaa udongo unakuwa laini kama keki. Wengine wakaleta upupu usiowasha. Kwenye majaribio vyote vinang'aa. Mradi ukiondoka, mkulima anarudi kwenye mahindi, na wataalamu wanaandika ripoti kwamba elimu haijawafikia wakulima. Elimu imefika bwana. Mtu ameangalia mmea haulipi ada, hauliwi, hauuzwi, unataka palizi na kuzikwa kwa jembe la mkono wakati ambao kuna kazi nyingine kumi, akaamua. Mimi nisingefanya tofauti.

Ila hawa wa mbolea kwanza nao wanapokosea ni pale wanapodhani mfuko unafanya kazi sawa kila mahali. Udongo uliokwisha mboji unakunywa yurea na haurudishi, mvua moja kubwa imeenda nayo. Azimio la Abuja la 2006 lilitaka Afrika ifike kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, hatukufika, na mkutano wa Nairobi wa Mei 2024 ulipoitishwa kuangalia tena suala hilo, jina lenyewe lilibadilika, ukaitwa wa mbolea na afya ya udongo. Hilo neno la pili halikuongezwa kwa mapambo, wameona mifuko peke yake haijafua dafu.

Kuna hoja moja lakini ambayo naona ndo dhaifu kuliko zote na ndo inapata likes nyingi kuliko zote: kwamba mbolea ya kiwandani ni sumu inayoua udongo, mikunde ni asili haina madhara. Wenye hoja hii wanashika kitu kimoja cha kweli, mbolea zenye amonia zikitumika miaka mingi bila chokaa zinaongeza asidi, waulize watu wa kanda za mahindi za Rift Valley Kenya kuhusu mbolea ya DAP. Sawa. Ila mikunde nayo inaongeza asidi! Mmea unaobana naitrojeni hewani unatoa asidi mizizini wakati unanyonya madini mengine, na ukibeba mavuno na mabaki yake hiyo asidi inabaki. Australia waliotesha klova, mkunde wa malisho, kwa miongo mingi, asidi ya udongo ikapanda mpaka wakalazimika kumwaga chokaa. Asili hiyo. Na naitreti inayoingia kwenye mzizi wa mhindi haina lebo kwamba mimi nimetoka kwa bakteria na yule katoka kiwandani, ni kitu kilekile. Sumu inayosemwa ni kukosa kupima udongo na kukosa chokaa, na dhambi hiyo inawezekana kwa mfuko na inawezekana kwa kunde.

Yule wa babu zetu naye nimjibu haraka. Maharage yakiwa katikati ya mahindi msimu mmoja hayayalishi mahindi ya msimu huohuo, kinachovuka kutoka mzizi hadi mzizi ni kidogo sana. Faida inakuja mabaki yakioza, yaani msimu unaofuata, kama mabaki yapo. Babu zetu walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna, waliacha shamba likapumzika miaka kadhaa na kuhamia kwingine. Msitu ulioota hapo ndo uliorutubisha udongo, maharage yakapewa sifa zake.

Halafu kuna habari ya ule unga wa bakteria wa kupaka mbegu, inokulanti, ambao baada ya tuzo watu wameanza kuuliza bei kama dawa ya miujiza. Siyo kitu kigeni huku. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, Morogoro walikuwa na ya kwao, Nitrosua, Kenya wana Biofix iliyotoka kwenye utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi, na kuanzia 2009 mradi wa N2Africa chini ya Ken Giller wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, ulizunguka nchi kadhaa, Tanzania ikiwemo, ukijaribu mbegu, bakteria na fosforasi kwenye mashamba ya wakulima wenyewe. Somo lake kubwa kwa maoni yangu ni jinsi matokeo yalivyotofautiana, shamba hili soya imeruka, la jirani hakuna kitu, ukichimba unakuta huyu ana asidi, yule fosforasi imeisha, mwingine bakteria wake wa asili wanatosha tayari. Soya ndo inayofaidika zaidi maana ni mgeni, bakteria wake wengi hawapo kwenye udongo wetu, ingawa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, walizalisha aina zinazokubali bakteria wa hapahapa. Kunde na karanga ziko nyumbani, zinakuta wapangaji wanasubiri, kuzipakia bakteria wa pakiti mara nyingi ni kumwongezea mtu mgeni kwenye nyumba iliyojaa. Na kumbuka ni viumbe hai. Mimi pakiti yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka moja la pembejeo ikiwa imepangwa dirishani, jua la saa nane linaipiga, na muuzaji akaniuzia mbegu iliyopakwa dawa ya ukungu ya rangi ya waridi nichanganye pamoja. Yaani nilinunua maiti nikaenda kuwapaka sumu. Msimu ule vinundu havikufika vitano kwa mmea, na mtu asiyejua angehitimisha kwamba sayansi ya Brazil haifanyi kazi Afrika.

Kwa hiyo kitu gani kinabaki? Kinachonivutia ni kwamba mikunde iliyodumu kwenye mashamba ya watu bila kusukumwa ina tabia moja, inampa mwenye shamba kitu leo na huku inaacha kitu chini. Angalia ile mbinu ya sukuma-vuta iliyotengenezwa na Zeyaur Khan na wenzake wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu cha Kenya, pale Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Unapanda desmodiamu, mkunde wa malisho, katikati ya mistari ya mahindi na majani ya ng'ombe kama matete au brakiaria pembeni. Desmodiamu inafukuza vipekecha shina, matete yanawavuta, na mizizi ya desmodiamu inaivuruga kiduha mpaka inaisha. Naitrojeni ni nyongeza tu hapo. Kinachomfanya mama wa Vihiga aendelee nayo ni kiduha kuisha na ng'ombe kupata majani, maziwa yanauzwa kila siku. Ukimwendea na hotuba ya afya ya udongo peke yake atakukaribisha chai na utaondoka. Inadai palizi nyingi mwanzoni na mbegu ya desmodiamu siyo rahisi kuipata, wengine wameshindwa hapo, lakini mpangilio wake wa faida ndo sahihi.

Mbaazi nayo ilikuwa hivyohivyo mpaka 2017. Mwezi wa nane mwaka ule India, mnunuzi wetu mkubwa kupita wote, iliweka kikomo cha uagizaji, tani laki mbili kwa mwaka, na bei huku ikaanguka kama embe bovu. Kuna watu Mtwara, Lindi na Manyara waliziacha shambani kwa sababu gharama ya kuvuna ilizidi bei. Msimu uliofuata wengi hawakupanda. Sasa ukikaa ukifikiri, uamuzi wa wizara moja kule Delhi uliondoa naitrojeni kwenye udongo wa Babati kwa kiasi ambacho hakuna semina ya mbolea vunde ingeweza kukirudisha, na hakuna mtaalamu wa udongo aliyeuandika kama janga la udongo, uliandikwa kwenye kurasa za biashara. India ilifungua tena mwaka 2021 na ruhusa imekuwa ikiongezwa kwa vipindi, kila kipindi kikikaribia kuisha wafanyabiashara wanashika roho. Mtu anayetaka mikunde irudishe rutuba Tanzania aanze na swali hilo: tutazila wenyewe kiasi gani, tutazibangua wenyewe kiasi gani, mnunuzi wa pili ni nani. Hatuna mazoea ya kula mbaazi kama watu wa pwani wanavyokula mbaazi za nazi na mahamri asubuhi, bara tunaziona chakula cha shida, na hiyo nayo ni habari ya udongo ukiiangalia vizuri.

Kwenye ushauri wa mashambani nako kuna kazi. Afisa ugani anayesema changanya na mikunde amesema nusu ya neno. Ataje ipi, mabaki yaende wapi, na fosforasi itoke wapi, maana mkunde bila fosforasi hautengenezi vinundu vya maana, na sisi tuna mawe ya fosfeti Minjingu, Manyara, kwenye nchi yetu wenyewe. Kama maharage lazima yapurwe uani kwa sababu ya wezi na mvua, basi mkokoteni uliopeleka mafungu urudi na samadi badala ya kurudi mtupu. Wazalishaji wa mbegu nao wana mtihani wao: kila mara wanapotoa aina fupi, inayokomaa haraka na kuweka nguvu zote kwenye punje, mkulima anafurahi na TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo, inapongezwa, ila majani ya kubaki shambani yanapungua. Siwalaumu, mvua zenyewe zimekuwa fupi. Nasema tu mtu aiweke hiyo gharama kwenye hesabu, na majaribio ya aina mpya yapime na mahindi ya mwaka wa pili, kupima punje za mwaka wa kwanza pekee kunatudanganya. Wanaosubiri mahindi yatakayojibania naitrojeni yenyewe wasubiri, kuna utafiti mzuri, kule Oaxaca, Mexico, kuna mahindi ya wenyeji yanayotoa ute kwenye mizizi ya juu na watafiti waliandika mwaka 2018 kwamba yanapata asilimia 29 mpaka 82 ya naitrojeni yake hewani, ila hayo nayo yatataka fosforasi, na yakishavunwa yatapakiwa kwenye lori kama mengine.

Shangazi nilimpigia wiki iliyopita nikamweleza habari ya kurudisha makapi shambani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza na ng'ombe watakula nini mwezi wa tisa. Nikamwambia basi aongeze mistari ya mbaazi kwenye yale mahindi ya chini, ng'ombe wachukue makapi, shamba lichukue majani ya mbaazi. Akasema angeshafanya hivyo zamani, mbegu anayo kwenye kibuyu jikoni tangu mwaka ule wa bei mbaya, anachotaka ni mimi niliyeko mjini nimwambie mwaka huu India wanachukua au hawachukui.